Ezer na Neti za Omena

Mume wangu alirudi kutoka kozi ya wahubiri mjini Kisumu akiwa na kamusi ya Kiebrania ya kuazima, na kuanzia siku hiyo hatukupumua. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Siku za wiki alifundisha shule ya msingi hapa Usenge, Jumapili akahubiri. Sasa hata kuku walisalimiwa kwa shalom.

Mimi nilikuwa nauza omena, dagaa wa ziwa letu, na hilo lilimkera. Alisema mke wa mhubiri hawezi kuingia kanisani akinuka samaki. Nilimjibu kwamba harufu hiyo ndiyo iliyomvisha suti. Tukabishana mwezi mzima, hadi akatangaza kwamba neno la Mungu litaamua. Angechunguza ule mstari wa Mwanzo, Mungu anapomfanyia Adamu msaidizi, tena kwa lugha yake ya asili, mbele ya wazee wawili wa kanisa. Ikionekana msaidizi ni mtu wa kukaa nyumbani, niache biashara. Nilikubali kwa kiburi tu. Moyoni niliogopa, maana mchezo ulikuwa wake na refa alikuwa yeye.

Jumamosi mchana wakaketi barazani. Mimi nilikuwa uani nikigeuza omena juu ya neti, masikio yote kwao.

"Neno lenyewe ni ezer," alisema kwa sauti yake ya mimbarini. "Tutazame limetumika wapi tena."

Akafungua Kutoka. Msaidizi wa pale alikuwa Mungu, akimwokoa Musa na upanga wa Farao. Akafungua Zaburi. Mungu tena.

"Mwalimu, jaribu ingine," mzee mmoja akamsihi, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Akajaribu Kumbukumbu la Torati. Mungu, ngao ya Israeli. Kule uani nikacheka hadi nikashika kiuno.

Ndipo mvua ikatokea upande wa ziwa, na kicheko kikaniishia. Omena ikinyeshewa inakuwa chakula cha kuku, na ile ilikuwa yote niliyokuwa nayo. Ikiharibika, biashara ingekufa yenyewe bila Kiebrania. Tena kwetu mwanamume hagusi omena iliyoanikwa. Hiyo ni kazi ya wanawake, na mhubiri ndiye haigusi kabisa. Angekaa tu kwenye kiti chake, angeshinda.

Wazee wakaingiza viti ndani. Yeye akafunga kamusi, akavua koti la suti akaifunika nalo, akaja mbio. Kazi hakuijua hata kidogo. Badala ya kukunja neti akaanza kuzoa omena kwa viganja, nusu ikimwagika mchangani.

"Shika pembe, Mwalimu!" nilimkemea. "Pembe!"

Akashika.

"Mwalimu, wacha hiyo," mzee akaita kutoka mlangoni. "Hiyo ni kazi ya mama."

"Mzee, kama unaogopa mvua, endelea kusoma. Kitabu iko mezani."

Alisema hivyo bila kugeuka, maji yakimtiririka puani. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali tangu asubuhi. Sikukumbuka hata moja. Nilimpenda kuliko siku ya harusi yetu, nikamwambia avute upande wake kwa nguvu.