Mtunza Stoo na Mkanda Uliochakaa

Mtunza stoo wa kampuni ya kupaka rangi maghorofa alikuwa mtu makini kupita kiasi. Brashi ikipungua nywele mbili, anajua. Kwa hiyo alipokula kiapo mahakamani kisha akasema, "Sikumbuki," hata yeye mwenyewe alijishangaa.

Alikuwa ameulizwa jambo jepesi: je, aliwahi kumwambia msimamizi kwamba mkanda wa usalama wa marehemu umechakaa? Alimwambia mara tatu. Mara zote msimamizi alimjibu, "Utamaliza wiki hii." Haukumaliza. Ulikatika ghorofa ya tano, na fundi waliyemwita Mrefu, kwa kumtania maana alikuwa mfupi wa kutupwa, akaanguka na kufa papo hapo.

Shida ni kwamba msimamizi huyo alikuwa mume wa dada yake. Mtunza stoo aliposikia "kesi ya kifo" aliona kitanzi, akaona dada yake mjane na wapwa zake mayatima. Wakili wa mke wa marehemu alipompigia simu amweleze kesi ilivyo, yeye aliizima. Alipomfuata stoo, alijificha nyuma ya madebe ya rangi, mtu mzima na mvi zake.

Siku ya hukumu alikaa benchi la nyuma, roho juu. Hakimu alisoma polepole. Alisema mahakama ile haikuwa ikimtafuta muuaji wala mtu wa kufungwa. Hii ilikuwa kesi ya madai: mtu akifa kwa sababu waliopaswa kuchukua tahadhari hawakuichukua, wale aliowaacha wakimtegemea wana haki ya kufidiwa, na hapa aliyedaiwa ni kampuni. Lakini uzembe lazima uthibitishwe, na hakuna shahidi aliyeuthibitisha. Madai yakatupwa.

Mtunza stoo alimkimbilia wakili kwenye korido.

"Kwa hiyo shemeji yangu asingefungwa?"

"Kwa kesi hii? Asingefungwa hata siku moja, mzee wangu. Nilitaka kukueleza, ukanikimbia."

"Basi nirudi ndani niseme sasa hivi."

"Hukumu imeshasomwa. Na uliapa kwamba hukumbuki. Nani atakuamini?" Wakili hakusema kwa hasira. Alionekana amechoka tu.

Mtunza stoo akapiga moyo konde, akamwendea mjane aliyekuwa ameketi kwenye ngazi na binti yake mdogo.

"Mama, nisamehe. Nilikumbuka. Siku zote nilikumbuka."

Mjane hakushtuka. "Najua," alisema. "Mwenzangu alikuwa akirudi nyumbani ananiambia, mtunza stoo leo kanigombania tena mkanda mpya. Alikupenda sana." Akainama kumfunga binti yake kamba za viatu. "Wakili aliniuliza nina mashahidi wangapi. Nikamwambia yuko mmoja tu, ila huyo anatutosha."