Siku Kumi za Tope

Kwa kinyaa, Melkiori hakuwa na mpinzani. Alikulia Kilimanjaro, kando ya mfereji wa ukoo, ambako mtu akinawa miguu juu ya wanakochota wenzake hutozwa mbuzi. Mwaka hamsini na tatu alikuwa mpimaji wa maji Dar es Salaam, amepanga chumba Kariakoo, upande wa Msimbazi, kwa Bi Mwanamkuu, muuza vitumbua.

Kila asubuhi alikwenda kwenye tangi kubwa lililolisha mabomba ya mitaani, akasoma alama ukutani na kuandika kina cha maji. Mji ulikuwa umefura watu, na injinia mgeni alikuwa akipanga akiba ya kiangazi. Karani mkuu, Bwana Aristides, alikwisha kumpa hesabu: tangi likijaa futi kumi na nne, mji utakunywa siku arobaini hata mto ukikauka.

Siku moja mwezi wa Agosti, Melkiori alifunua mfuniko, akateremsha mti mrefu ili ahakikishe mwenyewe. Mti uligusa kitu, kisha ukazidi kuzama, polepole, kama unaingia kwenye uji. Alipouvuta, futi tatu na nusu za chini zilikuwa nyeusi, zinateleza, zinanuka yai viza. Akakumbuka chai yake ya asubuhi ilipikwa kwa maji gani. Akaitapika yote pale pale.

Akaenda moja kwa moja ofisini.

"Bwana Aristides, chini ya tangi kuna tope. Siku kumi katika zile arobaini ni tope tupu."

"Alama ya ukutani inasema ngapi?"

"Kumi na nne."

"Basi andika kumi na nne. Umeajiriwa kusoma alama, si kuchokora tangi."

Karani akafungua chupa ya soda, akanywa. Chini ya meza yake palikuwa na kreti nzima. Melkiori akatazama huku na huku: hapakuwa na mtungi wala glasi ya maji. Kumbe bwana yule alijua siku nyingi!

Jioni Bi Mwanamkuu alimsimamisha uani, debe mkononi. "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa maji. Kiangazi hiki tutavuka?"

Melkiori akalipokea debe, akalibeba hadi jikoni.

Wiki ya pili injinia alikuja kulikagua tangi, Aristides akimfuata na makaratasi. Melkiori hakungoja kuulizwa. Alifunga kopo kwenye ncha ya mti wake, akalizamisha hadi chini, akalipandisha na kulimwaga mbele ya viatu vya mgeni. Tope lilitandaa jeusi, na ndani yake bawa la kunguru lililooza, manyoya yakitoka moja moja. Injinia akaziba pua kwa leso.

"Mnawapa watu hiki?"

"Mimi nimepata habari leo, bwana," Aristides akasema, macho makavu. "Mpimaji hakuniambia."

Mate yalimjaa Melkiori kinywani, akayatema pembeni.

Tangi likafungwa siku nne lisafishwe. Kariakoo ikawaka kwa hasira. Wanawake walichota kwenye visima vya bondeni Msimbazi, maji ya chumvi na vyura.

"Ndiwe uliyetukatia maji?" Bi Mwanamkuu alifoka. "Vitumbua vyangu nikorogee mate?"

Melkiori akamweleza kila kitu, mpaka bawa. Mama yule akakaa chini, khanga mdomoni.

Mpango ukaandikwa upya: akiba ikahesabiwa siku thelathini, maana tope litajaa tena, na tangi la pili likaombwa kabla mji haujakua zaidi. Chini ya karatasi ile, kama mtu aliyegundua kasoro, lilikuwepo jina la Aristides. Melkiori alilisoma mara mbili, akairudisha karatasi mezani kwa ncha za vidole viwili.

Mabomba yalipofunguliwa, Bi Mwanamkuu alikuja na kata imejaa maji.

"Yananywika?"

"Yananywika, mama. Tangini nimeingia mwenyewe."

Mama akayanywa yote, akafuta mdomo. Melkiori mwenyewe alimaliza mwezi mzima akinywa madafu.