Ordinatere Iliyokataliwa na Marehemu

Dada yangu mkubwa aliuza ng'ombe aliyeachiwa na marehemu mume wake ili afungue sekretaria pale Sake, ya kuchapia watu barua kwa ordinatere, yaani kompyuta, na kutoa fotokopi. Ng'ombe alikuwa wake kwa haki, lakini nenda ukamwambie shemeki! Mdogo huyo wa marehemu alikuwa ameshakipigia hesabu chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu, kinachotazama barabara ya Masisi, akitaka kukifanya depo ya pombe. Mbele ya ukoo mzima wakakubaliana hivi: mashini ikifanya kazi, dada anabaki na chumba, isipofanya, chumba kinarudi kwa wenyewe. Wenyewe, maana yake ni yeye.

Mashini yenyewe iliundwa na binamu yetu, aliyesoma informatiki kidogo Goma na kurudi akiitwa Injenia. Nani alimwita hivyo? Yeye mwenyewe. Alinunua vipande kimoja kimoja, akavifunga pamoja juu ya meza ya chakula akiwa amevaa koti jeupe kama daktari. Jeupe, jamani, kwa vumbi la Sake! Siku ya kuiwasha alitupanga tupige makofi. Akabonyeza. Taa ikawaka, vantilatere, feni yake ya ndani, ikazunguka, maandishi yakatokea, tukapiga makofi. Kabla hayajaisha, ikazima.

Akabonyeza tena. Ikazima haraka zaidi.

"Ni kuran," akasema, akimaanisha umeme. Tukaacha jenereta, tukaleta batri ya jua. Ikazima. "Basi ni waya." Akaleta waya mwingine. Ikazima. Mwishowe akatuambia vyombo vya kisasa havipendi baridi ya huku kwetu. Nikamuuliza kama kule vilikotengenezwa watu wanalala bila blanketi. Akaninunia.

Shemeki alikuwa na jibu jepesi zaidi. "Marehemu njo anakatala. Muliuzisha ngombe yake bila kumuuliza." Akataka tumwage kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mbele ya mashini na kuomba msamaha. Huyu ni mtu anayeimba koral kanisani kila Jumapili, tena sauti ya besi! Mimi nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Dada hakucheka. Nilimkuta jikoni akisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Unazani anaweza kunikatalia kweli?" Waliishi vizuri, yeye na marehemu.

Basi nikaanza kuichunguza mashini mimi mwenyewe, nikaona jambo. Asubuhi, ikiwa imelala baridi, ilikaa kidogo kabla ya kuzima. Ukiiwasha tena papo hapo, haikukaa kabisa. Sasa ni marehemu gani huyo anayechelewa kukataa asubuhi tu? Nikamwita Injenia.

"Iko inapata moto. Fungua."

"Lakini vantilatere inazunguka."

"Fungua, kaka, ao nitafungua na nyundo."

Akafungua. Akanyanyua kile kipande kizito cha chuma kinachokalia prosesere, ubongo wa mashini, ili kuipoza. Upande wake wa chini ulikuwa bado na plastiki, ile nyembamba ya dukani, imenyooka vizuri, imeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba itolewe kabla ya kutumia. Moto wote ulikuwa umefungiwa humo kama viazi chini ya majani ya mgomba.

"Hukuona hii?"

"Niliona," akajibu bila haya. "Lakini ni kitu mupya! Nani anatosha plastiki kwa kitu mupya?"

Nilifungua mdomo nimtukane, kisha nikatazama sebule. Viti vyetu vilikuwa na nailoni zake za dukani, zile zinazonata mapajani. Rimoti ilikuwa ndani ya mfuko wake. Godoro la dada lilikuwa bado limefungwa, ukijigeuza linapiga kelele nyumba nzima inaamka. Ukoo mzima tunakaa juu ya plastiki tukingoja mgeni anayestahili kutolewa plastiki, na mgeni huyo hajazaliwa. Nikashika ncha ya ile plastiki ya mashini.

Tukaibandua, Injenia akapaka dawa ya kupitisha joto, akafunga tena. Mashini ikawaka. Tukapika chai, tukainywa, tukaosha vikombe, bado imewaka.

Shemeki akafika na bidoni yake ya kasiksi, akamkuta dada anachapa. Unafikiri aliona aibu? Wapi! "Munaona? Marehemu amekubali," akasema huku akijivutia kiti. "Nilimuomba ku nyumba."

Dada, ambaye siku zote hizo alikuwa akiinamisha kichwa mbele ya mtu huyo, akasimama.

"Shemeki, marehemu hakukatala na hakukubali. Hakusema kitu. Ni weye njo ulikuwa unasema. Beba bidoni yako, utoke mu chumba yangu."

Akaibeba, akatoka. Tangu tumzike mume wake, sikuwa nimemsikia dada akisema "yangu" kwa kitu chochote.