Hoteli Ishirini za Salgaa

Mwanangu, naikumbuka siku niliyosimama mbele ya akina mama wa Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, kuwaambia kwamba nilikuwa nimewapotosha.

Wakati huo nilikuwa nasomea shahada ya pili ya usimamizi. Nilitaka kujua kama hoteli ndogo za chakula kando ya barabara zinazoandika mikakati yake hufanya vizuri kuliko zisizoandika. Profesa wangu, mama mtaratibu aliyeishi Lanet, aliniambia nipige hesabu kwanza, nijue nahitaji hoteli ngapi. Sikupiga. Ujana una miguu zaidi ya masikio. Nilienda Salgaa, kituo cha malori kwenye barabara kuu, nikahoji wenye hoteli ishirini, nikachoka na vumbi la malori, nikarudi. Tofauti sikuiona. Nikaandika bila wasiwasi: mipango haisaidii.

Kabla Profesa hajasoma, nilikuwa nimeshawaambia wale akina mama wa Kaptembwo, wapishi wa vibandani waliokuwa na darasa la kupanga biashara kila Jumamosi. Mwenyekiti wao, Mama Akinyi, aliniamini kwa kuwa nilikuwa msomi. Darasa wakalivunja.

Profesa alipomaliza kusoma, aliweka karatasi chini akaniuliza, “Hukuona tofauti, ama haikuwepo?”

Akanieleza polepole kwamba faida ya kupanga, kama ipo, huenda ni ndogo, na jambo dogo halijitokezi kwa watu wachache; kidole kimoja hakivunji chawa. Utafiti wangu haukuwa na nguvu ya kuiona tofauti hata kama ilikuwepo.

Ndipo nikaenda Kaptembwo. Mama Akinyi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kwa hivyo ulikuwa hujui, lakini ukatuambia unajua.”

Nilikiri kwamba ni kweli.

Safari hii nilipiga hesabu kwanza. Nilirudi barabarani karibu mwaka mzima, nikahoji mamia ya hoteli. Tofauti ilikuwepo, ndogo lakini ipo: walioandika mipango walifanya vizuri kidogo zaidi. Darasa likafunguliwa tena, ingawa wengine hawakurudi, na siwalaumu.

Mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla hujatoka nyumbani, amua ni tofauti ya ukubwa gani unayoitafuta, kisha uhesabu watu wanaotosha kuionyesha. Ukishindwa kuwafikia, sema “bado sijui”. Hilo nalo ni jibu la heshima. Usikimbilie kusema “hakuna”, maana yuko mtu atakayepanga maisha yake kwa neno lako.

Mungu akupe subira ya kazi ndefu, na awalinde wote watakaokuamini.