Mpira wa Mashini ya Papa

Mpaka leo nikikumbuka jinsi yule mwizi alivyokula maharage yetu, mwili unanisisimka.

Papa, baba yetu, alituachia mashini ya kurekodi, ile ya zamani ya magurudumu mawili, na kanda moja yenye sauti yake. Vita vilipotufukuza Bukavu, Maman aliivusha mto Rusizi mgongoni, ameifunga kwa kitenge, hadi Kamembe, upande wa Rwanda. Papa alibaki nyuma kufunga nyumba, na hatukumwona tena. Kwenye kanda hasemi jambo la maana: anahesabu kujaribu maikrofoni, anakohoa, kisha anamwita Maman aje asikilize. Jumapili baada ya misa tulimsikiliza, tukacheka alipokohoa. Kamembe nzima sikujua mwingine mwenye chombo cha kuchezea kanda ya namna ile.

Kisha mvua zikatushinda. Nyumba ilivuja kila pembe. Siku moja Maman akasema, "Tuuzishe ile mashini."

Nikamkumbusha sauti ya Papa. Yeye aliendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo. "Sauti yake niko nayo mu kichwa. Manjanja ya nyumba ndiyo sina." Alitaka mabati mapya.

Chumba cha intaneti kilikuwa kimefunguliwa mjini, na nilisikia Wazungu wanatafuta vyombo vya muziki vya zamani. Nikaweka tangazo na picha. Mnunuzi akajitokeza upesi, eti yuko Ulaya, mpole, kila ujumbe unaisha kwa baraka za Mungu. Hakuuliza kama mashini inazunguka, wala hakubishana bei. Mtu asiyebishana bei, jamani! Halafu benki ikaniandikia kwamba pesa zimefika, na zitaachiliwa mzigo ukishachukuliwa na mjumbe wake.

Maman hakubabaika, kwa sababu alikuwa na dawa ya mpakani. Miaka ile vita viliendelea ng'ambo, na mpaka uliweza kufungwa kabla hujalipwa. Basi wanawake wa biashara waliuza nusu nusu: sufuria inavuka, kifuniko kinabaki; kiatu cha kushoto kinavuka, cha kulia kinasubiri. Hakuna anayevaa kiatu kimoja, kwa hiyo mteja alilipa.

"Mashini iende," akasema, "lakini huu mupira unabakia na miye. Bila huu haizunguke. Akilipa, tutamutumia."

Akachomoa ule mpira mwembamba mweusi unaozungusha magurudumu, akauvaa mkononi kama bangili. Nami nikaona tumemweza huyo Mzungu.

Mjumbe alikuja mchana na gari, tai shingoni, heshima tele. Alikula maharage, akasifu mapishi, akaongezewa. Akapakia mashini na kuondoka. Hata kifuniko hakukifungua.

Pesa hazikuja, na mnunuzi akanyamaza. Mwenye chumba cha intaneti aliposoma ule ujumbe wa benki, akashika kichwa. "Hii si adrese ya benki; ya namna hii hata miye naweza kuifungua hapa sasa hivi, bure."

Tukarudi kwenye ukurasa wa matangazo.  Mashini ya Papa ilikuwa pale, imepigwa picha upya, na doa letu la mshumaa juu ya kifuniko. Chini yake waliandika: haifanyi kazi, inafaa kupamba sebule. Imeshauzwa.

Nilikimbia nyumbani, nikamweleza Maman yote. Hakuamini.

"Haiwezekane! Nani atachukua mashini yenye haizunguke?"

"Maman, wanaiweka tu sebuleni. Wanaitazama."

"Wanaitazama?"

"Ndiyo, Maman."

Aliketi juu ya kinu, ule mpira bado uko mkononi. Tulijua kumbana mtu anayetaka kitu kizima. Huyu hakuihitaji nusu yetu, na sisi mabati hatukupata. Nilisubiri alie au anitukane, lakini aliingia ndani, akatoka na kanda ya Papa, akaipakata.

"Na Papa yenu," akaniuliza, "sasa atasemea wapi?"