Redio Inayoishia Kilima cha Pili

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, juu ya paa la jengo la ghorofa nne, dobi anaanua mashuka aliyoyaanika nusu saa iliyopita. Mashuka bado yanachuruzika maji. Angani hakuna wingu hata la dawa.

Anafika shuka la tano ndipo mikono inasimama. Anatazama juu, analitazama shuka, kisha anaangua kicheko peke yake na kuanza kuyarudisha kambani moja moja.

“Mvua hiyo si yetu,” anasema. “Ni ya kule.”

Kule ni mji mdogo alikozaliwa, mwendo wa siku moja na nusu kwa basi. Simu yake imo ndani ya mfuko wa plastiki, imebanwa kambani kwa vibanio viwili katikati ya fulana za watu. Ndani yake anasikika mtangazaji wa redio ya mji ule, anayejiita Mjomba Masafa, ambaye hana chombo cha kupimia hali ya hewa zaidi ya dirisha la studio. Akiona wingu limejikusanya upande wa kiwanda cha matofali, huwaambia wenye nguo nje waanue. Dobi, kazi ikiwa imemkolea, hutii.

Wapangaji wa jengo wameshamzoea. Wamempa jina la Mama Mawingu. Mlinzi wa getini humuuliza kila asubuhi kama leo abebe mwavuli, naye humjibu, “Uache tu, kaka yangu. Huku kwenu hakunyeshi.”

Ana miaka hamsini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia juu ya paa hili. Kwa siku hufua mashati arobaini hivi, ukiacha mashuka ya nyumba ya wageni ya jirani. Pampu ikiharibika, na huharibika kila inapojisikia, hupandisha maji kwa ndoo, ngazi sabini na mbili. Pato la mashati matatu kila siku huishia kwenye bando la simu. Wenzake humwambia anatupa pesa kwenye upepo.

“Wao wananunua soda,” anasema. “Mimi nanunua kwetu.”

Redio yenyewe, ukiambiwa ukaione, hutaamini ndiyo hiyo. Ni chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, na mnara ambao nguvu zake zinaishia kilima cha pili. Ukivuka hapo, unabaki na mkwaruzo mtupu. Lakini ndani ya eneo lake dogo, hakuna linalotendeka bila kupita hewani. Funguo zimeokotwa karibu na ghala la mbao, zimefungwa uzi mwekundu. Bomba la mtaa wa juu litafungwa hadi saa nane. Punda wa kijivu ameingia uwanja wa shule na amekataa kutoka, mwenyewe aje na kitu cha kumbembeleza.

Dobi husikiliza hayo huku akisugua kola za watu asiowajua, na taratibu paa humtoka miguuni. Anayemwona kwa mbali hudhani anaongea na nguo. Kumbe anatembea. Anashuka na ile njia ya ghala la mbao, anapinda kulia kwenye ukuta wenye ufa, anapita nyumba ambazo nyingine zilishavunjwa siku nyingi ila hakuna aliyemwambia. Tangazo likisema duka la viatu limehamia jirani na posta, inabidi asimame kidogo na beseni lake, alihamishe duka hilo kichwani mwake, ndipo aendelee na safari.

“Naishi mahali pawili,” anasema, na kwa sauti yake unajua halalamiki. “Mwili unafua hapa. Kilichobaki kinazurura kule, hakina kazi.”

Leo hata hivyo hazururi sana. Leo ni Jumamosi, na Jumamosi saa tatu kamili huanza kipindi cha salamu. Kila baada ya muda anaifuta mikono kwenye aproni na kuchungulia saa.

Kipindi hicho ndicho kilichomfunga kwenye redio hii. Kila wiki, mdogo wake wa tumbo moja hupiga simu studio na kutoa salamu. Anaanza na mumewe, anakwenda kwa mama mkwe, watoto, shemeji, Fundi Saa, Bibi Karanga wa stendi, mzee wa mashine ya kusaga na mbwa wake, yule mbwa kwa jina. Anaweza kusalimu watu thelathini bila kupumua. Lakini dada yake mkubwa, huyu dobi, hajawahi kumtaja hata mara moja.

“Mbwa anatajwa,” anasema dobi. Anajaribu kucheka, kicheko hakifiki mbali.

Miaka tisa iliyopita mama yao aliugua siku nne akafariki. Dobi alikuwa amebadilisha namba ya simu mwezi huo huo, hajaisambaza bado. Mdogo wake akafanya kile ambacho kila mtu wa mji ule angefanya. Alikwenda redioni, akatoa tangazo la kifo, likasomwa mara tatu kwa siku, siku mbili mfululizo. Ndugu wakajua dada mkubwa ameshapata habari. Mazishi yalicheleweshwa kumngoja, mpaka maiti haikuweza kungoja tena.

Dobi alizisikia habari siku ya tisa, sokoni, kwa mpita njia wa kwao aliyempa pole akidhani anajua. Alipofika nyumbani kaburi lilikuwa limeshaanza kukauka.

“Nikamwambia, mdogo wangu, sikusikia. Redio yenu haifiki kule. Akaniangalia kama naongea kichaa.”

Na ukimsikiliza mdogo mtu, hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Wasichana hao wawili walikulia mbele ya redio ya baba yao, ile kubwa yenye mkonga wa kunasa mawimbi, iliyokuwa ikileta sauti za nchi za mbali jioni nzima. Mdogo hakuwahi kuvuka kilima cha pili maishani mwake. Akilini mwake jambo lilikuwa wazi: kama wao tunawasikia, na wao wanatusikia. Tena tangazo lilisema habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo.

“Akaniuliza mbele ya watu wote: ‘Wewe ulikuwa wapi kama si popote?’ Mpaka leo nikiwa napiga pasi nalitafuta jibu la swali hilo.”

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kwa ndugu hawa, watu walikwenda kulima, wakavuna, wakalima tena, na ugomvi ulikuwa pale pale. Simu za dobi hazikupokelewa. Barua aliyompa dereva wa basi ilirudi na dereva yule yule, haijafunguliwa.

Miaka miwili iliyopita, muuguzi mmoja ambaye ni mteja wake alimwonyesha kuwa redio ile sasa inapatikana kwenye simu. Dobi anakumbuka alikuwa ameshika shati jeupe la kazi la muuguzi huyo. Sauti ya kwanza iliyotoka ilikuwa ya mtu anayetafuta ngazi yake iliyoazimwa. Alilia mpaka muuguzi akajutia wema wake.

Tangu hapo hajakosa siku. Alisikiliza bila kujitokeza, kama mtu anayechungulia nyumba kutoka nje ya uzio. Aliogopa mdogo wake akijua yupo, ataacha kupiga. Bora sauti isiyomtaja kuliko kutokuwa na sauti kabisa.

Mwezi huu mambo yakageuka. Mjomba Masafa alitangaza kwamba wakubwa wa redio wanataka kuifunga njia ya mtandao, kwa kuwa wanaamini hakuna anayeitumia. “Kama kuna mtu anatusikia ng’ambo ya kilima cha pili,” alisema, “ajitokeze na aseme yuko na nani moyoni. Vinginevyo mwisho wa mwezi tunazima.”

Dobi alikaa na maneno hayo siku tatu. Akinyamaza, anaipoteza sauti ya mdogo wake. Akisema, huenda akaipoteza vile vile. Siku ya nne aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine. Uliokwenda ulikuwa mfupi: “Mimi ni dobi, niko mbali. Nawasikia kila siku. Msizime, tafadhali. Namsalimu mdogo wangu, anayewasalimu watu wote Jumamosi.”

Walijitokeza kumi na saba. Dereva wa lori ambaye husikiliza akingoja foleni ya mpakani. Mpishi wa meli. Mwanafunzi aliyesema bila matangazo ya funguo zilizopotea hawezi kushika kitabu. Hata mwanamke mmoja asiyekuwa na ndugu yeyote mji ule. Aliikuta redio kwa bahati akaipenda, na sasa anataka tu kujua kama yule punda alitoka. Mjomba Masafa aliwasoma wote, mmoja mmoja. Njia ya mtandao haitafungwa.

Ujumbe wa dobi ulisomwa Jumamosi, saa tatu na nusu. Dakika mbili baadaye mdogo wake alipiga simu studio. Hakusalimu mtu.

“Mjomba, nina swali. Hao wa mbali wanatusikiaje?”

“Kwa simu, mama. Kwa mtandao.”

“Mnara je?”

“Mnara wetu unaishia kilima cha pili.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku uliposimamishwa, mama. Huo mtandao ndio umekuja juzi juzi, una miaka miwili.”

Hewani ukabaki mkwaruzo wa simu, ambao mtangazaji yeyote angeufunika kwa wimbo. Mjomba Masafa hakuufunika.

“Kwa hiyo,” sauti ya mdogo mtu ilirudi, imekuwa ndogo, “miaka tisa nyuma, mtu aliye mbali, mkamtangazia jambo…”

“Asingesikia, mama. Hata neno moja.”

Simu ikakatika. Juu ya paa, dobi alikuwa amekumbatia blanketi la mtu, limelowa, maji yakimshuka mpaka miguuni. Yeye mwenyewe alimwambia mdogo wake hayo hayo miaka tisa iliyopita, akaitwa mwongo. Lakini kwao, jambo likisemwa na redio ndilo kweli.

Jumamosi iliyofuata mdogo hakupiga. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili. Dobi aliunguza shati la mteja mgongoni, alama ya pasi nzima, na hakuhisi harufu mpaka moshi ulipompalia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema, lakini hawakusema mtu ale nini wakati anaungoja huo mshindo.

Na leo ndiyo hiyo Jumamosi ya pili.

Saa tatu inagonga. Dobi anageuza ndoo, anakaa juu yake chini ya kamba. Nguo zinapepea taratibu kichwani pake, mwanga ukipenya kwenye mashuka na kumfanya aonekane kama aliye ndani ya maji. Anasalimu mpigaji wa kwanza, anasalimu wa pili. Fundi Saa anawakumbuka wateja wake wote wenye saa zisizochukuliwa. Kisha ile sauti anayoingoja.

“Mjomba, leo sina salamu. Nina tangazo.”

“Karibu, mama. Linamhusu nani?”

“Linamhusu dada yangu mkubwa. Yule dobi.”

Dobi anasimama. Ndoo inaanguka, inabingirika, hakuna anayeifuata. Kwenye simu inasikika karatasi ikikunjuliwa, na mtu akisafisha koo, mtu ambaye hajazoea kusoma kwa sauti.

“Dada, unatangaziwa kifo cha mama yako mzazi, kilichotokea nyumbani alfajiri, baada ya kuugua siku nne. Siku ya tatu alikuita. Tulimwambia uko njiani.” Karatasi inasikika tena. “Mazishi yameshafanyika. Msiba uko nyumbani, chumba chake kimefagiliwa. Wafiwa wote wameshalia, dada, umebaki wewe. Tunakusubiri.”

Kwa mbali, ndani ya studio ile juu ya duka la dawa, anasikika mtu akivuta kamasi.

Dobi analia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa, mikono kichwani. Miaka tisa hakuwahi kulia hivyo, maana kila alipotaka kuanza alikumbuka kwamba wenzake walishamaliza. Madirisha ya ghorofa ya nne yanafunguka. Chini getini mlinzi anaacha kiti chake na kuzipanda zile ngazi sabini na mbili kwa mkupuo.

Anamkuta ameketi sakafuni, uso umelowa lakini umetulia. Ameshaanza kuzihesabu nguo kambani. Za nyumba ya wageni zitakauka mchana, anamwambia mlinzi, nyingine watu wazifuate kabla ya kesho jioni, na badala ya lile shati lililoungua atanunua jipya akirudi. Basi la kwanza la Jumatatu linaondoka saa kumi na mbili. Atakaa huko mwezi mzima, au zaidi, kadiri mdogo wake atakavyotaka.

Mlinzi anatingisha kichwa asielewe vizuri, bado anahema.

“Kwani kuna nini, Mama Mawingu?”

“Nimefiwa na mama.”

“Oo, pole sana, dada yangu. Pole. Lini?”

“Nimetangaziwa leo,” anasema, na kunyoosha mkono anyanyuliwe.