Koti Lililokataa Kufungika

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, katika mtaa wa Saint-Gilles huku ughaibuni, alikuwa mzee wa Lubumbashi, mstaafu, mtu wa kuvaa maridadi. Jumamosi moja alirudi kutoka soko la mitumba na koti jekundu la askari wa Kiingereza, akalileta kwangu. Alijua kwamba kwa miaka nimejisomea habari za sare za jeshi lile, zile za mwisho wa karne ya kumi na tisa, kabla kaki haijashika mahali pa wekundu vitani.

Nilimweleza nilichokiona. Kola na ncha za mikono zilikuwa nyeupe, maana yake kikosi cha Uingereza au Wales. Waskoti walipewa manjano, Waairishi kijani, vikosi vya kifalme buluu. Vifungo vilikuwa vya shaba, vyote vya asili. Alisikiliza kwa adabu, kisha akalivaa. Kifuani lilibaki wazi upana wa kiganja.

"Basoda bale balikuwa batoto?" aliuliza.

Nikasema wengi wa askari wale walikuwa vijana wembamba, waliokulia katika njaa ya miji.

"Bon. Miye sikukulia njaa."

Tangu hapo alilivaa hivyo hivyo, wazi, na shati jeupe na tai, akienda kunyolewa kwa vinyozi wa Galerie d'Ixelles. Kule walimwita jenerali, naye aliitika.

Halafu tumbo likaanza kumuuma, na hospitali ikatwambia ni nini. Mkewe aliondoa mizani bafuni, mzee asione anavyokonda. Lakini mzee alikuwa na kipimo chake: kila Jumapili kabla ya misa alilijaribu koti. Likikataa kufungika, alifurahi. "Ona, ningali na mubili."

Siku moja mama, yule mkewe, alipanda kwangu peke yake, koti likiwa ndani ya mfuko.

"Papa," aliniita kwa heshima, "Jumapili ilibakia wazi kidole kimoja tu. Songesha vifungo. Ikatae."

Sijawahi kugusa mshono wa kitu cha asili. Ndiyo kanuni ya wanaohifadhi vitu vya kale. Nilichukua mkasi mdogo. Nilivisogeza vifungo vyote ndani kidogo, mbali na ukingo, ili koti libane, kwa uzi uliofanana na ule wa zamani. Pale vilipokuwa mwanzo, kitambaa kilibaki chekundu zaidi, kwa kuwa hakikuwahi kuona jua, nikapitisha chaki kuficha alama.

Jumapili koti lilikataa. Baadaye ilibidi nivisogeze tena.

Siku moja, mama akiwa dukani, mzee aliniita. Alikuwa kitandani.

"Petit, mudogo wangu, miye navaa manguo tangu weye haujazaliwa. Mukono inajua kifungo iko wapi."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Usimwambie. Ikikataa, anafurahi. Anaimba mu jikoni. Lakini nikikufa, vifungo uzirudishe mahali pake. Nataka kulala koti imefungwa, sawa basoda bale."

Nilivirudisha vyote, kila kimoja juu ya alama yake, usiku ule ule alioondoka. Kesho yake, katika chumba cha maiti, koti lilimfunika na nafasi ikabaki. Mama alifunga mwenyewe, akianzia chini.

"Alijua?" aliniuliza bila kugeuka.

"Hapana, mama. Hakujua."

Alifika kifungo cha juu, akakishika kidogo, akakiachilia.

"Hii tuiache," alisema. "Atakosa pumzi."